Dawa Iliyozoeleka Si Lazima Iwe Imepimwa



Mada yangu ni homa ya mafua, ile inayoletwa na kirusi cha influenza. Najua wapo wanaojiuliza kwa nini mafua yapewe saa nzima. Mafua tunayajua: chai ya tangawizi, ndimu, blanketi, na baada ya wiki mtu yuko sokoni. Kwa wengi wetu ndivyo ilivyo. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya milioni 3 na milioni 5 huugua influenza kwa ukali, na kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya njia ya hewa yanayotokana nayo. Hao ni wazee, wajawazito, wenye kisukari, wenye maradhi ya moyo na mapafu, wenye kinga dhaifu, na watoto wadogo. Leo nitawaacha watoto, nizungumzie mtu mzima aliyelazwa.

Swali langu ni hili. Mgonjwa yuko kitandani, anapumua kwa msaada wa oksijeni, maabara imethibitisha kwamba ana influenza. Dawa ya kupambana na kirusi hicho ipo. Je, tukimpa, tutamwokoa? Dawa inayotumika zaidi ni oseltamiviri, ambayo wengi wanaijua kwa jina la biashara la Tamiflu. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1999. Miaka ishirini na mitano baadaye, mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa tiba ya influenza, lilipendekeza wagonjwa wa influenza kali wapewe dawa hiyo, lakini kwa pendekezo la masharti, kwa sababu ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu. Robo karne ya matumizi, na bado ushahidi ni dhaifu. Limewezekanaje jambo hilo?

Kidonge hiki hufanya nini

Kirusi cha influenza huingia kwenye seli za njia ya hewa, kikaitumia seli kama karakana ya kujinakili. Nakala mpya zikishakamilika hubaki zimenata kwenye ngozi ya seli hiyo, na hapo ndipo kirusi hutumia kimeng'enya kiitwacho nyuraminidasi ili zijinasue na kwenda kushambulia seli nyingine. Oseltamiviri hukifunga kimeng'enya hicho. Ndugu zake zanamiviri, ambayo huvutwa kwa mdomo au hudungwa mshipani, na peramiviri, ambayo hudungwa mshipani, hufanya kazi hiyo hiyo. Baloksaviri, iliyoidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2018, hupiga mapema zaidi: hukizuia kirusi kuanza kujinakili ndani ya seli.

Kwa hiyo dawa hizi hazitengenezi pafu lililokwisha kuharibika. Kazi yake ni kuzuia kirusi kisiongezeke. Na kwa mtu mwenye afya njema, kirusi hufikia kilele cha kuongezeka mapema sana, siku moja au mbili baada ya dalili kuanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Oseltamiviri ni dawa ya kuziba ufa. Mgonjwa anayefika wodini siku ya tano, mapafu yamejaa maji, bakteria wamekwisha kuingia juu ya kirusi, na kinga ya mwili inawaka kupita kiasi, ana ukuta uliokwisha kuanguka.

Hata hivyo, tusiharakishe kuhukumu kwa nadharia. Wagonjwa wengi wanaolazwa, hasa wenye kinga dhaifu, hubeba kirusi kwa siku nyingi kuliko mtu aliyebaki nyumbani. Huenda kwao dawa bado ina kazi ya kufanya hata siku ya tano. Hoja zote mbili zina mantiki, na mantiki haiwezi kuamua kati yake. Lazima tupime.

Ilipimwa kwa nani

Majaribio yaliyoipatia oseltamiviri kibali yalifanywa kwa watu waliokuwa wakiugulia nyumbani, walioanza dawa katika siku mbili za kwanza za dalili. Wengine walipewa dawa, wengine plasebo, yaani kidonge kinachofanana nayo kwa nje lakini hakina dawa ndani. Mwaka 2014, watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio hayo, pamoja na ripoti ambazo kampuni ya Roche, mtengenezaji wa dawa hiyo, ilikuwa haijazitoa kwa miaka mingi, hadi zilipopatikana baada ya mvutano mrefu ulioungwa mkono na jarida la BMJ. Walikuta kwamba kwa watu wazima dalili zilipungua kutoka siku 7 hadi siku 6.3. Ni faida, lakini ni faida ya kama nusu siku na ushee. Hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba dawa ilipunguza watu kulazwa hospitali. Wakati huo Uingereza pekee ilikuwa imekwisha kutumia pauni milioni 424 kuiweka dawa hiyo kwenye maghala ya akiba.

Baadhi ya wachambuzi walisoma takwimu hizo hizo kwa njia nyingine, wakaona manufaa makubwa kidogo. Mimi sitaingia katika ugomvi huo, kwa sababu haumhusu mgonjwa wangu. Majaribio yale hayakuwahi kumwangalia. Kumpa mgonjwa wa wodini dawa kwa sababu ilimsaidia mtu wa nyumbani ni kudhani kwamba ugonjwa ni ule ule, umezidi ukali tu. Nimekwisha kueleza kwa nini dhana hiyo inaweza kuwa si kweli.

Hesabu zinazoweza kudanganya

Mtu atasema: kwa nini msiangalie mafaili ya hospitali? Wapo waliopewa dawa na wapo wasiopewa; hesabuni waliokufa. Jambo hilo lilifanywa, na lilifanywa kwa bidii. Baada ya janga la influenza la mwaka 2009, watafiti walikusanya kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 29,000 waliolazwa katika nchi 38, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Waliopewa dawa za kundi la oseltamiviri walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa, pungufu kwa karibu moja ya tano.

Takwimu hiyo inavutia. Lakini hebu tuwafuate wagonjwa wawili. Wa kwanza analetwa saa nane usiku, anafariki saa kumi na moja alfajiri, kabla majibu ya maabara hayajatoka. Katika kumbukumbu anaandikwa kwamba hakupewa dawa. Wa pili anaishi hadi siku ya tatu, majibu yanatoka, anaanzishiwa dawa, baada ya wiki anaruhusiwa kwenda nyumbani. Anaandikwa kwamba alipewa. Mmoja amefariki bila dawa, mwingine amepona akiwa na dawa. Ila yule wa pili, ili apate kidonge, ilibidi kwanza aishi siku tatu. Mkikusanya wagonjwa wa aina hiyo kwa maelfu, kidonge kitaonekana kinaokoa maisha hata kama ndani yake mmeweka chokaa.

Upo pia mtego unaovuta upande wa pili. Daktari huwakimbilia walio mahututi zaidi. Hao ndio wanaopewa dawa, na hao ndio wanaokufa. Hapo dawa nzuri itaonekana inaua. Wataalamu wa takwimu wana mbinu za kusawazisha tofauti za umri, maradhi mengine na siku ya kuanza dawa, na watafiti wale walizitumia. Lakini huwezi kusawazisha kitu ambacho hakikuandikwa kwenye faili. Kile alichokiona daktari machoni mwa mgonjwa kabla hajaandika dawa hakimo kwenye jedwali lolote.

Njia inayoondoa mitego yote miwili kwa pamoja ni kura. Kila mgonjwa anayefaa na aliyeridhia hugawiwa kundi kwa bahati nasibu, leo kwa kompyuta. Daktari hachagui, mgonjwa hachagui, ukali wa ugonjwa hauchagui. Makundi yakiwa makubwa, mambo yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, hugawanyika karibu sawa. Tofauti itakayojitokeza baadaye, mbali na ile ya bahati inayoweza kukadiriwa, ni ya dawa.

Majaribio ya wodini

Sasa tuingie wodini. Majaribio ya kura kwa wagonjwa waliolazwa yapo, na kila moja lina funzo lake.

Huko Asia ya Kusini-Mashariki watafiti waliuliza kama dozi maradufu ya oseltamiviri ni bora kuliko dozi ya kawaida. Walipima wagonjwa 326 wa influenza kali, wengi wao watoto, na mwaka 2013 wakaripoti kwamba maradufu haikuongeza kitu. Ni jibu zuri, lakini si jibu la swali letu, kwa kuwa wote walipewa dawa.

Jaribio la peramiviri lilithubutu kutumia plasebo juu ya huduma ya kawaida. Wagonjwa kama 400 waliandikishwa. Lakini katika hospitali nyingi huduma ya kawaida tayari ilikuwa na oseltamiviri ndani yake, kwa hiyo hesabu kuu ilibaki na wale ambao hawakuwa wakiipata: watu 121. Lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa hapakuwa na dalili kwamba lingeonyesha tofauti. Zanamiviri ya mshipani ililinganishwa na oseltamiviri ya kumeza, na matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha kwamba iliizidi.

Kisha likaja FLAGSTONE, lililochapishwa mwaka 2022. Wagonjwa 366 waliolazwa walipewa dawa ya kundi la oseltamiviri, na juu yake wengine wakaongezewa baloksaviri, wengine plasebo. Kirusi kilitoweka haraka zaidi kwa waliopata dawa mbili: kwa wastani wa kati, karibu saa 24 ukilinganisha na karibu saa 64. Lakini ukimtazama mgonjwa mwenyewe, muda wa kupata nafuu ulikuwa karibu sawa, saa 97.5 kwa 100.2.

Matokeo haya yanahitaji kusomwa mara mbili. Maabara ilishangilia na kitanda hakikutikisika. Anayepima kirusi peke yake angetangaza ushindi. Ndiyo maana, mkisikia dawa fulani imefaulu, ulizeni imefaulu katika kipimo gani. Katika wodi kuna vitu vingi vya kuhesabu: kirusi kilichobaki puani, saa za homa, siku za oksijeni, siku za kulazwa, kuingia kwenye mashine ya kupumulia, kifo. Vya mwanzo ni rahisi kupima na huonyesha tofauti upesi. Vya mwisho ndivyo mgonjwa na ndugu zake wanavyovijali, na ndivyo vinavyohitaji watu wengi.

Wangapi?

Watu wengi kiasi gani? Tuchukue mfano. Tuseme kati ya wagonjwa 1,000 waliolazwa, 50 hufa. Tuseme dawa inapunguza vifo hivyo hadi 40. Kuokoa watu kumi kwa kila elfu, kwa kidonge cha kumeza mara mbili kwa siku kwa siku tano, ni jambo kubwa. Hakuna wizara ya afya ambayo isingelitaka. Lakini ili jaribio liione tofauti hiyo na kuitenganisha na bahati, hesabu ya kawaida ya takwimu inadai wagonjwa zaidi ya 6,000 katika kila kundi, yaani zaidi ya 12,000 kwa jumla.

Sasa linganisheni. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024, ulioandamana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ulikusanya majaribio yote ya kura ya dawa hizi kwa influenza kali. Yalikuwa 8, yenye washiriki 1,424. Ulionyesha kwamba huenda oseltamiviri na peramiviri zinapunguza muda wa kulazwa kwa siku moja na nusu hivi, kwa uhakika mdogo. Kuhusu vifo, uhakika ulikuwa mdogo sana. Hili halimaanishi kwamba dawa haifanyi kazi. Maana yake ni kwamba chombo cha kupimia kilikuwa kidogo mno kwa kitu kilichokuwa kinapimwa.

Na sababu za udogo huo zinafahamika. Katika nchi za baridi influenza huja kwa msimu wa miezi michache kisha hutoweka, na jaribio hulala hadi mwaka unaofuata. Majibu ya maabara huchelewa. Fomu za ridhaa zina kurasa nyingi, na mgonjwa hana pumzi ya kuzisoma. Orodha za kuwatenga watu huwaondoa wajawazito, wenye figo mbovu na wazee sana, yaani wale wale wanaojaza wodi. Na kila hospitali inayoshiriki hubeba mzigo wa karatasi usiolingana na wauguzi iliyo nao.

Corona ilionyesha kwamba mzigo huo unaweza kupunguzwa. Machi 2020, wanasayansi wa Oxford, Peter Horby na Martin Landray, walianzisha jaribio la RECOVERY katika hospitali za umma za Uingereza. Mgonjwa wa kwanza aliandikishwa siku tisa tu baada ya itifaki kuandikwa. Fomu ilikuwa fupi, hapakuwa na plasebo, kura ilipigwa mtandaoni, na matokeo makuu yalichukuliwa kwenye kumbukumbu ambazo hospitali zingeziandika hata bila utafiti. Katika muda wa miezi mitatu wagonjwa zaidi ya 11,000 walikuwa wameingia. Mwezi Juni dunia ilipata majibu mawili. Haidroksiklorokwini, binamu wa klorokwini tuliyoimeza wengi wetu tukiwa watoto, ambayo ilikuwa ikigawiwa kwa maelfu ya wagonjwa duniani, haikuokoa mtu. Na deksamethasoni, steroidi ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia.

Jaribio hilo hilo baadaye lilifungua mlango kwa wagonjwa wa influenza. Likaweka kwenye kura oseltamiviri, baloksaviri na steroidi, likihesabu vifo na muda wa kutoka hospitali. REMAP-CAP, jaribio la kimataifa la wagonjwa mahututi, nalo liliiingiza oseltamiviri katika maswali yake. Hatimaye swali la mgonjwa wangu lilipata chombo chenye ukubwa unaolifaa.

Je, ni haki kumnyima mtu dawa?

Nafika kwenye pingamizi zito, na nimelisikia kutoka kwa madaktari ninaowaheshimu. Wanasema: miongozo inapendekeza oseltamiviri, mgonjwa wangu anaweza kufa usiku huu, unanitaka nipige kura ili pengine asipate? Huo si utu.

Pingamizi hili lina uzito kwa sababu linatoka kwenye huruma. Lakini huruma nayo ina historia, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa hapa kwetu. Kwa miaka mingi, mtoto aliyeletwa hospitali akiwa na homa kali na mzunguko wa damu ukiwa umedhoofu, kanuni ilikuwa kumpa maji ya dripu kwa wingi na kwa haraka. Hivyo ndivyo vitabu vilivyosema na ndivyo hospitali kubwa za nchi tajiri zilivyofanya. Kati ya mwaka 2009 na 2011, jaribio la FEAST, likiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, lilipima kanuni hiyo katika hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda: Kilifi, Muheza, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Wapo waliouliza kwa haki kabisa: mtawanyimaje watoto maji?

Watoto 3,141 waliingia kwenye hesabu kuu. Katika saa 48, kati ya waliopewa maji kwa wingi, kama 10.5 kwa kila 100 walifariki. Kati ya wale ambao hawakupewa maji hayo ya haraka, 7.3. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ililisimamisha jaribio kabla ya wakati. Waliokuwa "wamenyimwa" ndio waliokuwa na nafasi kubwa ya kuishi. Na kama wodi zile zingeendelea na mazoea, hakuna daktari ambaye angegundua, kwa sababu mtoto mmoja mmoja anapokufa, daktari huamini alikuwa mgonjwa kupita kiasi.

Sisemi kwamba oseltamiviri ina madhara ya namna ile. Madhara yake yanayojulikana zaidi ni kichefuchefu na kutapika. Ninachosema ni kwamba nia njema ya daktari haitoshi kuwa kipimo. Pale ambapo wataalamu kwa ujumla hawana uhakika wa kweli, kura haimnyimi mgonjwa haki yake. Hakuna kitu kilichothibitishwa ambacho ananyimwa. Tena fikirieni: leo mgonjwa hupewa au hukosa oseltamiviri kwa sababu ya hospitali aliyofikia, daktari aliyekuwa zamu, au duka la dawa kuishiwa. Hiyo nayo ni bahati nasibu. Tofauti ni kwamba hakuna anayeandika matokeo, kwa hiyo mgonjwa wa kesho hafaidiki chochote.

Masharti lakini yapo, na yasilegezwe. Ridhaa iwe ya kweli, kwa lugha anayoielewa mgonjwa au ndugu yake. Kamati ya maadili iwe na meno. Kamati huru ya takwimu iwe na mamlaka ya kusimamisha. Daktari akiamini kwamba mgonjwa huyu mahususi lazima apewe dawa, au lazima asipewe, asimwingize kwenye kura. Na matokeo yachapishwe yote, mazuri na mabaya, tusirudie miaka ile ya kudai ripoti zilizofungiwa kabatini.

Na sisi je?

Kenya, Tanzania na Uganda zina vituo vya kufuatilia influenza vinavyochukua sampuli puani na kooni, na vimetuonyesha kwamba kirusi hiki kipo kwetu. Lakini kwa mtu mzima aliyelazwa katika hospitali ya wilaya, njia bado ni ile ile: homa, kipimo cha malaria, kikitoka hasi basi ni nimonia, anaanzishiwa antibiotiki. Kipimo cha influenza hakiombwi, kwa sababu hata kikionyesha ipo, dawa haipo kabatini. Na dawa haipo kabatini kwa sababu hakuna aliyeonyesha kwamba inafaa kununuliwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliihamisha oseltamiviri kutoka orodha kuu ya dawa muhimu kwenda orodha ya nyongeza, kwa ajili ya wagonjwa mahututi waliolazwa tu. Waziri mwenye bajeti finyu ana haki ya kusita.

Ila asisite kwa mazoea, kama ambavyo wengine wananunua kwa mazoea. Wodi zetu zina watu ambao majaribio mengi ya Ulaya na Marekani hayawaoni kwa wingi: watu wazima wenye virusi vya UKIMWI, wenye kifua kikuu, wenye selimundu, wanaofika hospitali wakiwa wamechelewa siku nyingi. Jibu litakalopatikana London huenda likawafaa na huenda lisiwafae. FEAST ilithibitisha kwamba hospitali za Soroti na Muheza zinaweza kujibu swali ambalo dunia nzima ilikuwa imelipita.

Pendekezo langu kwa hiyo ni la kazi. Itifaki ya kupima dawa za influenza kwa watu wazima waliolazwa iandikwe sasa, ipitishwe na kamati za maadili za nchi zetu sasa, fomu zake za Kiswahili ziwe tayari, na kila msimu ijaribiwe katika hospitali chache. Janga la mwaka 2009 lilipita majaribio makubwa ya kura yakiwa bado hayajaanza, ndiyo maana tumebaki kubishana juu ya mafaili. Kirusi kipya cha influenza kitakuja. Historia ya 1918, 1957, 1968 na 2009 haituachii shaka. Siku kitakapofika, hospitali iliyo na itifaki tayari itaanza kuandikisha wagonjwa wiki ile ile. Isiyo nayo itagawa vidonge, itazika, na miaka kumi baadaye itasoma katika jarida kwamba ushahidi ni dhaifu.

Maswali yaanze, na wauguzi waanze kuuliza, maana ndio watakaoshika fomu hizo saa nane usiku.